Malalamiko Kuhusu Kukamatwa kwa Mwanahistoria Ambaye Si Mimi

Idara ya Historia,
Ghorofa ya pili, mlango unaogoma kufunguka.

Kwa Mkuu wa Kituo cha Mahabusu,
Nchi jirani.

Ndugu Mkuu wa Kituo,

YAH: KUKAMATWA KWA MWANAHISTORIA AMBAYE SI MIMI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini kwa kuwa mimi ni msomi, nitakieleza tena.

Kwanza pokea salamu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa yule mmoja ambaye mnaye ninyi. Mimi ni Kaimu Mkuu wa Idara ya Historia, na pia Mwenyekiti wa Kamati ya Mshikamano na Mwenzetu Aliyeko Kizuizini. Vyeo vyote viwili nimevipata kwa sababu yenu, maana kabla hamjamkamata, Mkuu wa Idara alikuwa yeye, na kamati haikuwepo. Kwa hilo nashukuru. Lakini shukrani haifungi mdomo, na mtu akikukanyaga huku anakupa kiti, bado amekukanyaga.

Nianze na mambo yenyewe yalivyokuwa, usije ukasema nimekurukia. Mwenzetu huyo, ambaye wanafunzi humwita Mwalimu Tanbihi kwa kuwa maelezo anayoweka chini ya ukurasa huwa marefu kuliko ukurasa, alikuja kwenu mara ya kwanza mwaka juzi. Alitaka kujua habari za handaki la reli lililoporomoka kwenye milima yenu miaka arobaini na minane iliyopita. Pale mlangoni pa handaki, kama unavyojua, serikali yenu ilisimamisha jiwe zuri lenye majina ya vibarua thelathini na mmoja waliofukiwa. Jiwe likatulia, na watu wakatulia nalo.

Tanbihi akaenda kwenye hifadhi yenu ya nyaraka. Ripoti zote zilizoandikwa vizuri akaziacha rafuni, akaomba daftari la mablanketi. Kila kibarua alipoajiriwa alipewa blanketi moja lenye namba, na siku ya kuondoka alilirudisha, akaweka dole gumba mbele ya jina lake. Siku moja baada ya handaki kuporomoka, daftari linaonyesha mablanketi yaliyorudishwa ni mia nne na kumi na mawili. Yote siku hiyo moja, yote kwa mwandiko mmoja, na hakuna hata dole gumba moja.

Akarudi nyumbani na majina hayo, akaandika kitabu cha kurasa mia tisa na kumi. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja tena kwenu, na nakala ya kitabu begini, kuhakiki majina mawili tu ambayo wino wake ulikuwa umefifia. Ndipo vijana wako walipomkuta kwenye chumba cha kusomea akichonga penseli, wakaondoka naye. Shtaka tulilosomewa kwa simu ni la kuhesabu mali ya serikali bila kibali, mali yenyewe ikiwa ni mablanketi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa malalamiko yangu.

1. Mmemshika mdogo mkamwacha mkubwa. Mimi na Tanbihi tuliajiriwa siku moja, lakini jina langu lilisomwa kwanza. Tumekaa chumba kimoja miaka kumi na tisa, maana Idara yetu yote ni chumba kimoja chenye meza tatu: yake, yangu, na ya katibu muhtasi karibu na mlango. Feni ni moja, na humgeukia yeye zaidi. Nimeandika vitabu vitatu. Tena mimi ndiye niliyeanza kuja kwenu kuchunguza handaki hilo hilo, miaka kumi na moja iliyopita, kwa wiki tatu nzima. Uliza pale hifadhini. Mtunza nyaraka alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti chenye mto, akaniletea chai. Daftari la mablanketi lilikuwepo mezani. Nalikumbuka vizuri kwa sababu ndilo nililowekea kikombe, meza isipate alama. Nikaandika kitabu, nikasema thelathini na mmoja kama jiwe linavyosema. Mkanipigia makofi. Waziri wenu akapokea nakala kwa mkono wake mwenyewe, akanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Nikapanda basi nikarudi kwetu, na hakuna hata askari mmoja wa mpakani aliyenipekua begi.

Nauliza kwa unyenyekevu: begi langu lilikosa nini?

2. Vipindi vyake vimeniangukia mimi, na wanafunzi wake pamoja navyo. Wangu mimi nimewazoesha adabu: mwalimu akisema, kalamu inakwenda. Wake wamezoeshwa kuuliza. Nikitaja tukio lolote, mkono uko juu: nani aliandika hayo, alikuwa amekaa wapi, na nani hakuulizwa? Saa mbili zinakwisha tukiwa bado mwaka ule ule. Wiki mbili zilizopita binti mmoja anayekaa mbele, karibu na dirisha, mpole ukimwona, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo wewe unaona walikufa thelathini na mmoja, au mia nne na kumi na wawili?"

Nikamjibu kwamba Idara itatoa msimamo wake kwa wakati muafaka. Darasa zima likainama likaandika. Nilifurahi, nikadhani nidhamu imerudi. Kipindi kilipokwisha nikachungulia daftari la mmoja wao. Alikuwa ameandika jibu langu neno kwa neno, ameweka tarehe na saa, na chini yake ameandika: "Chanzo: kaimu mkuu, akiwa na akili timamu."

Ndugu Mkuu wa Kituo, mimi nimegeuzwa nyaraka nikiwa hai.

3. Mshikamano wenyewe unachosha. Ninyi mnashika mtu kwa dakika tano, lakini mtu akishashikwa, kazi ya kushikamana naye haina mwisho. Hadi leo tumekaa vikao tisa. Wajumbe ni mimi, mwalimu wa lugha, mwalimu wa jiografia, na mwandishi wa kumbukumbu ni katibu muhtasi wetu, ambaye chuo kizima kinamwita Shangazi, hata Makamu Mkuu wa Chuo anayemzidi umri.

Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Cha pili kilijadili kama "kizuizini" ni neno kali. Cha tatu, cha nne na cha tano vilikuwa vya neno moja tu: tuseme Idara "imeshtushwa" au "imesikitishwa"? Mwalimu wa lugha alisema kushtuka ni jambo la ghafla, na sisi tumeshachelewa wiki sita, kwa hiyo haki ya kushtuka tumeipoteza. Mwalimu wa jiografia akasema kusikitika kunaashiria kuwa kuna aliyekosea. Tukapatana kwamba Idara "inafuatilia". Kikao cha saba, yule wa jiografia, ambaye anatarajia kualikwa kwenu kwenye warsha, aliomba tusitaje nchi. Kikao cha nane tukaona kutaja jina la mtu kunaweza kumletea matatizo mtu huyo, ambaye yumo ndani tayari. Tamko likatoka hivi, nami nalinukuu lote:

"Idara inafuatilia kwa makini hali ya mtu, mahali, kuhusu jambo."

Shangazi alilichapa, akalitoa kwenye mashine, akalisoma mara mbili. "Hili niliweke faili gani?" akauliza. Makamu Mkuu wa Chuo alilipongeza kwa ukomavu wake, ila akashauri likae kwenye droo hadi hali itulie, kwa sababu nchi yenu inatujengea ukumbi wa mihadhara, na paa bado. "Tufunike kombe," alisema, "mwanaharamu apite." Tukafunika. Tatizo ni kwamba mwanaharamu hajapita, na sisi mikono imechoka kushikilia kombe.

Wanafunzi, ambao hawana subira ya vikao, wamechapisha fulana. Picha waliyotumia ni ya harusi ya Tanbihi. Siku ile aliyesimama kuume kwake ni mimi, nikiwa mpambe wake, suti ya kijivu. Wamenikata. Limebaki bega. Sasa hivi bega langu linazunguka chuoni kwenye vifua vya watu mia tatu, bila maelezo yoyote. Nilimlalamikia kiongozi wao. Akanitazama, akatazama fulana yake, akasema, "Kumbe hili ni bega? Sisi tulidhani ni nguzo."

4. Shemeji. Namsema mke wa Tanbihi. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, na kila Jumanne asubuhi akitoka zamu hupitia kwetu, na sare yake, na viatu vyake vyeupe, bahasha mkononi. Haji kulia. Angekuja kulia ningemudu, maneno ya kuliwaza ninayo ya kutosha. Anakuja na jambo moja. Wakili aliyempata huko kwenu amemwambia kwamba ikitoka barua ya Idara, ukurasa mmoja tu, wenye sahihi na muhuri, kwamba mtu huyu ni mwajiriwa wetu na sisi ndio tuliomtuma, hakimu atamsikiliza. Isipotoka kabla kesi haijasikilizwa, shtaka la mablanketi litageuzwa kuwa la ujasusi, na la ujasusi halina dhamana wala mwisho. Basi. Hataki kingine.

Kila Jumanne namweleza. Jumanne ya kwanza nilimwambia muhuri uko masjala. Ya pili nilimwambia watu wa masjala wako kwenye semina. Ya tatu nilimpa chai. Ya nne nilimfafanulia kwa kirefu tofauti iliyopo kati ya kumtuma mtu na kumruhusu, na kati ya kumruhusu na kutomzuia. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza, nadhani, watoto wenye homa. Kisha akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyemsindikiza stendi. Begi lake ulilibeba wewe."

Ni kweli nililibeba. Lakini kubeba begi si kauli ya Idara.

Jumanne iliyopita aliingia, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akatoa kitambaa, akapangusa vumbi juu ya meza, pembe hadi pembe, akakikunja, akaondoka. Shangazi akageuka kunitazama mimi, kana kwamba vumbi lile nimelileta kutoka nyumbani.

Hayo yote, ukiyapima vizuri, ni madhara ya kushika mtu asiye sahihi. Mngenishika mimi, Tanbihi angekuwa ofisini, na barua ya kunitoa ingeandikwa, ikasainiwa na kupigwa muhuri siku hiyo hiyo kabla ya saa ya chai. Namjua. Mambo ya kutafakari hayawezi.

5. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba ulisome taratibu. Mwezi uliopita Idara ilipokea barua kutoka kwa mpelelezi wako, ikiwa na maswali kumi na saba. Mpelelezi huyo amekisoma kitabu cha Tanbihi, kile mlichomkuta nacho, chote. Anauliza tanbihi ya themanini na nane inaposema "linganisha na daftari la pili", hilo daftari la pili liko wapi. Anauliza kwa nini jina la mia na sita limeandikwa mara mbili, ni ndugu wawili au ni kosa la chapa. Amegundua makosa matatu ya tarehe, na yote matatu ni makosa kweli. Mwishoni, nje ya maswali rasmi, ameandika kwa mkono: "Ukurasa wa mia sita na arobaini nimeurudia mara nne."

Unajua mimi nimemwomba Mungu msomaji wa namna hiyo kwa miaka mingapi? Vitabu vyangu vitatu vimo maktaba, safi, kurasa zinashikana kama siku vilipotoka kiwandani. Mke wangu amefika dibaji, pale nilipomshukuru, akasema panatosha. Wenzangu wakikutana nami kwenye korido huniambia "kazi nzuri", nami huwaambia "hata yako", na kila mmoja hushika njia yake haraka kabla mwenzake hajauliza ni kazi ipi. Halafu ninyi mnampa mtu mmoja msomaji wake peke yake, mwenye mshahara na kiti, asiyeruhusiwa kuacha katikati! Wanaosema hamthamini wasomi wanawaonea. Wasomaji mnao ninyi. Sisi tuna wapiga makofi.

Maswali yale tuliyapeleka kwenye kikao cha tisa. Hakuna mjumbe aliyeweza kujibu hata moja, kwa kuwa hakuna aliyekisoma kitabu. Tulimwandikia mpelelezi kwamba tunafuatilia.

OMBI

Kutokana na hayo, naomba na mimi nikamatwe.

Sina masharti makubwa. Likizo ya muhula inaanza tarehe kumi na mbili, na wiki mbili zingetosha, tatu kama mpelelezi anasoma polepole. Nina mgongo, kwa hiyo naomba kitanda cha chini. Mto nitakuja nao. Nafasi ikiwa finyu, mnaweza kumwachia Tanbihi ili nipate pa kuingia, na mimi kwa hilo sitakuwa na kinyongo. Hata hilo likishindikana, nitaridhika na barua fupi kwenye karatasi yenye nembo yenu, isemayo kwamba mimi pia ni mtu hatari. Nitaitundika ukutani, upande wanaokaa wageni. Kumrahisishia mpelelezi kazi, naambatanisha nakala tatu za kitabu changu cha handaki. Ni chepesi, kina picha, na hakina tanbihi hata moja ya kumsumbua.

Nisalimie askari wa zamu zote, mpishi, dereva, mtunza nyaraka aliyenipa kiti chenye mto, na huyo mpelelezi. Mwambie kuna watu huku wanatamani kuhojiwa naye. Nisalimie na Tanbihi mwenyewe, kama sheria zinaruhusu, mwambie vipindi vyake havijapotea, nimevibeba. Wa kwangu nyumbani wanakusalimu, na Makamu Mkuu wa Chuo anauliza hali ya paa.

Ni mimi nisiyemsumbua mtu, na hilo ndilo linalonisumbua,

Kaimu Mkuu wa Idara ya Historia.

Nyongeza:

Barua hii imekaa siku kumi na tisa bila kutumwa, kwa kuwa muhuri wa Idara haukuwepo. Ni haki nikueleze ulikokuwa, ingawa nadhani wewe unajua kuliko mimi.

Siku ile ile niliyomaliza kuiandika, ulifika wito wa mahakama yenu kupitia ubalozi. Kesi imewekwa mapema, wiki inayofuata, na hakimu anataka shahidi kutoka Idara aseme kama kitabu kile ni kazi ya chuo au ni kazi ya jasusi. Usafiri wa kwenda na kurudi upo, malazi yapo, na ipo barua ya kumhakikishia shahidi usalama. Juu ya bahasha jina langu limeandikwa kamili, bila kosa. Nikaangalia kalenda. Siku hiyo tulikuwa na kikao cha kumi cha Kamati ya Mshikamano, na mwenyekiti ni mimi. Nikamwomba Shangazi achape barua ya kuomba radhi.

Hakukaa kwenye mashine. Alibaki amesimama, mkono kiunoni. "Mkuu," akasema, "kitabu kile nimekichapa mimi, kurasa mia tisa na kumi. Yale majina nimeyarudia mara tatu, kwa sababu mwenyewe alikuwa haridhiki. Wewe umesoma kurasa ngapi?"

Nililichukulia kuwa swali la balagha.

Kesho yake meza yake ilikuwa tupu. Fomu ya likizo hakujaza. Alikuwa ameondoka na wito, na muhuri, na karatasi kadhaa zenye nembo yetu, yeye na Shemeji, kwa basi la asubuhi. Kikao cha kumi kilifanyika bila mwandishi wa kumbukumbu, kwa hiyo kisheria hakikufanyika.

Ya mahakamani nimeyapata kwa Shemeji. Hakimu alimuuliza Shangazi kama yeye ni mwanahistoria. Akasema hapana, yeye ni mpiga chapa. Akaulizwa, basi mtu huyu alitumwa na nani? "Na Idara," akasema. "Barua hii hapa, nimeiandika mimi, muhuri nimepiga mimi, na sahihi ni yangu, kwa sababu wenye sahihi wako kikaoni." Watu wakacheka, na nasikia hakimu aliinamisha kichwa kuficha uso. Mwendesha mashtaka akasimama akataka shahidi athibitishe kwamba kitabu anakijua, maana kupiga chapa si kuelewa. Shangazi akaweka mkoba chini. Akaanza na jina la kwanza, kwa kichwa, kila jina na namba ya blanketi lake, kwa sauti ile ile anayotumia kuita wanafunzi waje kuchukua vyeti.

Alipotaja la sitini na tatu, karani wa mahakama, mtu mzima anayekaribia kustaafu, aliacha kuandika. Hakimu akamuuliza kwa nini ameacha, mwenendo wa kesi unatakiwa uandikwe wote. Karani akasema, "Mheshimiwa, huyo ni baba yangu. Tuliambiwa alitoroka kazi. Kwenye jiwe hayupo."

Hakuna aliyemwambia Shangazi aendelee, wala aliyemwambia anyamaze. Akamsubiri karani ashike tena kalamu, kisha akaendelea. Alimaliza saa nane mchana, na Shemeji anasema hakuna aliyetoka kwenda kula. Hakimu akaandika kwamba upande wa mashtaka haujaonyesha blanketi lolote la serikali lililopungua kwa sababu ya kuhesabiwa. Tanbihi akaachiwa siku hiyo hiyo.

Amerudi tangu juzi. Amekonda, ndevu zimeingia mvi, na ukaimu wangu umekwisha. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, nilikuwa nimeandaa hoja nne. Aliniuliza tu kama nina nafasi ya kusoma naye upya ile sura ya majina, kutafuta makosa ya chapa, maana macho yake yamechoka na taa za kule. Nilikubali kwa kuwa sababu ya kukataa haikunijia haraka. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole, na Shangazi anatusahihisha kutoka mlangoni bila kugeuka. Tumefika jina la mia mbili na tatu. Nilidhani nitachoka mapema. Jana nilipofika wale ndugu wawili wa namba mia na sita, ambao kumbe ni wawili kweli, mapacha, nilisimama kidogo nikajidai natafuta miwani, na miwani ninayo usoni.

Barua hii naituma hivi hivi kwa kuwa imeshapewa namba masjala na haifutiki. Lakini malalamiko nayaondoa, la kwanza hadi la tano, na ombi nalo. Zile nakala tatu za kitabu changu nimezitoa kwenye bahasha. Iliyobaki ni ile moja ambayo waziri wenu aliipokea, naambiwa iko hapo hifadhini, rafu ya chini. Tafadhali mpelelezi asiione. Na karani yule akifika kuiulizia, mwambieni imeazimwa.